Nchi Ikivaa Suruali: Jinsi Ninavyochambua Wahusika wa Katuni Walio Nchi

Uchambuzi wangu wa kwanza ulikuwa kurasa nne za daftari juu ya Indonesia. Nilikuwa nimeona katuni ya mpira, mwekundu juu na mweupe chini, macho mawili meupe bila mboni, unalia kwamba umenyimwa safari ya anga za juu. Nikaandika kwa kujiamini kabisa: Uholanzi, biashara ya viungo, uhuru wa 1945. Jumamosi nikawasomea vijana tunaokutana nao hapa Lubumbashi, mtaa wa Kamalondo. Wakapiga makofi. Kisha binti mmoja wa miaka kumi na minne akanyoosha kidole: "Yaya, huyu si Polandi?" (Kwetu yaya ni kaka au dada mkubwa, msije mkadhani nalea watoto wa watu.)

Alikuwa Polandi. Bendera ya Polandi ni nyeupe juu, nyekundu chini, lakini katuni hizo za mipira, zilizozaliwa 2009 kwenye ubao mmoja wa picha wa Kijerumani mtandaoni, humchora kichwa chini miguu juu, na kosa hilo limegeuka kanuni. Na kile kilio cha anga za juu ni utani wa zamani wa mashabiki, ingawa Mpolandi Mirosław Hermaszewski alikwishazunguka dunia kwenye chombo cha Kisovieti mwaka 1978. Kurasa nne zikawa za kufungia karanga.

Tangu siku hiyo nina utaratibu. Sikuupata chuoni, umetokana na meza ya mbao, simu yenye kioo kilichopasuka na daftari la mistari. Walimu wa fasihi huita mchezo huu tashihisi, kukipa kisicho mtu sura ya mtu. Sisi tunaosema bede badala ya katuni tunauliza tu: nchi hii ingekuwa mtu, ingevaa nini, ingemkopa nani, ingemnunia nani? Mifano mingi nitaitoa kwenye Hetalia, katuni ya Mjapani Hidekaz Himaruya ambayo wahusika wake ni nchi, iliyoanzia kwenye intaneti, ikatoka kitabu 2008 na kuwa filamu ya katuni 2009, kwa sababu ndiyo vijana wengi wanaijua.

Hatua ya 1: Mtambue kwa alama zaidi ya moja

Bendera pekee inadanganya, nimeshasema. Gawa ukurasa mara mbili. Kushoto andika kila unachokiona mwilini mwa mhusika. Kulia andika kinatoka wapi. Marekani wa Himaruya ana miwani, nayo ni Texas. Ana unywele uliosimama juu ya paji, nao ni kisiwa cha Nantucket. Ana koti la rubani wa kivita. Urusi ana skafu ndefu, anabeba bomba la maji kama rungu, na anapenda alizeti. Uingereza ana nyusi nene.

Upande wa kulia uwe na majibu manne tu: ardhi, historia, tabia, utani mtupu. Nyusi za Uingereza mimi naziweka kwenye utani mtupu, na nimegombana na watu wazima kuhusu jambo hili. Anayetafutia kila unywele vita vyake atamaliza daftari kabla hajafika kwenye neno.

Hatua ya 2: Tenganisha nchi, mkubwa wake na watu wake

Hapa ndipo wachambuzi wengi wanateleza, hata wale wazuri. Hetalia yenyewe inasaidia, kwa sababu kila nchi ina bosi wake, yaani mtawala wa wakati huo, na nchi inaweza kumtii bosi huku inanung'unika. Lakini katuni nyingi hazikupi msaada huo. Unapaswa kutenganisha mwenyewe.

Ninapofundisha hatua hii siendi Japani. Natoa mchoro wa mwaka 1906 wa Linley Sambourne, uliotoka kwenye gazeti la vichekesho la London, Punch. Nyoka mkubwa amemviringisha Mkongomani na kumbana. Mwili wa nyoka ni mpira, ule wa utomvu uliokuwa ukivunwa msituni kwa mijeledi. Kichwa ni cha Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, na ndevu zake zote.

Nawapa vijana dakika kumi, kisha nauliza nyoka ni nani. Karibu wote husema Ubelgiji. Hapana. Tangu 1885 hadi 1908 Kongo haikuwa koloni la Ubelgiji, ilikuwa mali ya mfalme mwenyewe. Ubelgiji kama dola iliichukua tarehe 15 Novemba 1908. Mchoraji alilijua hilo, ndiyo maana akachora uso wa mtu badala ya bendera au simba wa Ubelgiji. Nyoka ni mkubwa wa nchi, yaani bosi.

Sasa swali gumu zaidi: anayebanwa ni nani? Vijana hujibu "Kongo." Wasimamishe hapo hapo. Dola iliyoitwa Kongo mwaka 1906 ilikuwa ya Leopold, ikiwa na maofisa wake, jeshi lake na mihuri yake. Dola hiyo haikubanwa na nyoka. Dola hiyo ndiyo misuli ya nyoka. Anayebanwa ni watu. Ukimwandika "nchi ya Kongo" umempa marehemu jina la muuaji wake. Nikishafika hapa chumba hunyamaza, halafu mmoja hukohoa, na tunaendelea.

Kabla hujafunga ukurasa, geuza macho kwa aliyeshika kalamu. Sambourne ni Mwingereza, anawachorea Waingereza. Mkono huohuo mwaka 1892 ulimchora Cecil Rhodes, tajiri wa Kiingereza aliyepigania ukoloni wa nchi yake Afrika, kama jitu, mguu mmoja Cape Town mwingine Kairo, waya wa simu ya maandishi mikononi. Huyo hakupewa mwili wa nyoka. Alipewa kofia na bunduki begani, na msomaji wa London aliweza kumcheka na kujivunia kwa pamoja.

Hatua ya 3: Bandika mwaka

Hii ni fupi. Kila mhusika aandikiwe mwaka pembeni, vinginevyo unachambua kivuli. Ukimwambia kijana wa hapa achore Zaire, mara moja anachora kofia ya chui, abakosi, ile suti isiyovaliwa na tai, na fimbo. Hiyo ni kabati ya Mobutu, tunarudi hatua ya pili. Zaire yenyewe ilidumu tangu tarehe 27 Oktoba 1971 hadi Mei 1997, na nguo yake halali ni kijani, duara la njano na mkono ulioshika mwenge. Kabla yake na baada yake ni bluu na nyota, na tangu 2006 bluu ya anga yenye mshazari mwekundu. Mhusika mmoja mwenye nguo tatu, au wahusika watatu? Mimi nasema mmoja, kwa sababu madeni hayakubadilika mwenyewe alipobadilisha jina.

Hatua ya 4: Fuata jina lilikotoka

Prussia wa Hetalia ni kipenzi cha mashabiki: anajisifu mno, kifaranga cha njano hakimwachi, na bado yuko hai ingawa nchi yake, dola la zamani la Kijerumani, ilifutwa rasmi na mataifa washindi tarehe 25 Februari 1947. Watu hubishana usiku kucha kwa nini hakufa. Wengine humhamishia Ujerumani Mashariki, 1949 hadi 1990. Ni sawa, ila mimi naona swali tamu liko mwanzoni, si mwishoni.

Himaruya anamwanzisha kama shirika la mashujaa wa msalaba wa Kijerumani. Shirika hilo lilizaliwa Akka, pwani ya Palestina, mnamo 1190. Baadaye likahamia Baltiki na kuwashinda watu walioitwa Waprussia, wenye lugha yao isiyo ya Kijerumani. Mwaka 1525 mkuu wa shirika akaligeuza eneo hilo kuwa dola la kurithiwa la ukoo wake. Kwa hiyo kijana huyu mwenye majigambo anaitwa kwa jina la watu aliowapiga. Ukilijua hilo, majigambo yake yanabadilika ladha.

Fanya vivyo hivyo kwa jirani. Jina Kongo linatoka kwenye ufalme wa mlangoni mwa mto, kule magharibi. Zaire ni Wareno walivyosikia neno la huko lenye maana ya mto. Hapa tulipo, miaka hiyo, watu walitazama kwa Waluba, kwa Walunda, na baadaye kwa Msiri, mtawala wa hapa Katanga aliyepigwa risasi Desemba 1891 na msafara uliotumwa kwa niaba ya Leopold. Mhusika anayeitwa Kongo akifika Lubumbashi anafika na jina la safari ndefu.

Hatua ya 5: Pima nadharia za mashabiki kwenye mizani

Nadharia kubwa kuliko zote: yule mtoto aitwaye Dola Takatifu la Roma (si Roma ya kale, bali muungano wa tawala za Ulaya ya Kati, nyingi za Kijerumani), aliyempenda Italia mdogo na kuondoka kwa ahadi ya kurudi, hakufa, ndiye Ujerumani, amepoteza kumbukumbu. Chora mizani, andika pande zote mbili, usilie.

Upande wa kukubali: nywele za dhahabu, macho ya bluu, nyuso zinazofanana, na Ujerumani asiyekumbuka utoto wake. Tarehe nazo zinanong'ona: dola lile lilivunjwa tarehe 6 Agosti 1806 kwa shinikizo la Napoleon, na Dola la Ujerumani likatangazwa tarehe 18 Januari 1871. Pengo la miaka 64 na ushei latosha mtu kulala na kuamka amesahau.

Upande wa kukataa: mfalme wa mwisho wa dola lile, Francis II, alikuwa amejitangaza kaizari wa Austria tangu 1804, na baada ya kuvunjika aliendelea na kiti hicho. Kwa urithi wa karatasi, mwenye haki ni Austria, ambaye kwenye Hetalia ni mhusika mwingine kabisa, anapiga piano na anabana matumizi. Tena dola lile lilikuwa na Wacheki na hata Waitalia wa kaskazini ndani yake.

Hukumu yangu: kama hadithi ya mapenzi nadharia inasimama, kama historia inachechemea. Andika yote mawili. Msomaji akikuuliza "basi jibu ni lipi?" mwambie ni hilo hilo.

Tahadhari moja ya fundi: tafsiri za mashabiki. Sentensi moja ya Kijapani nimeikuta kwa Kifaransa na kwa Kiingereza zikisema mambo mawili tofauti. Usijenge nyumba juu ya kiputo kimoja cha maneno. Ukiwa na mega za kutosha, tafuta tafsiri ya pili. Ukikosa, egemea kwenye mchoro, maana mchoro haujatafsiriwa na mtu.

Hatua ya 6: Uliza ni nani hayuko kwenye picha

Kuna kipande cha Hetalia kinacholiza watu: mvua, Uingereza amemnyooshea Marekani bunduki, anashindwa kufyatua, anapiga magoti. Kaka mkubwa na mdogo wake. Mimi pia kilinigusa. Kisha nikakumbuka Yorktown, Oktoba 1781, kwenye vita vya uhuru wa Marekani, ambako meli za Ufaransa ziliziba mlango wa bahari na askari wa Ufaransa walisimama bega kwa bega na Wamarekani. Ukigeuza vita kuwa ugomvi wa kindugu, kodi inapotea, deni la Ufaransa linapotea, na watumwa hawaonekani kabisa. Silaumu, katuni ya kurasa chache haiwezi kubeba dunia. Lakini uchambuzi wako unaweza.

Hatua ya 7: Jaribu nyumbani

Chora mhusika wa kwenu, uone kama hatua zako zinashika. Sisi tulijaribu Katanga ya Julai 1960 hadi Januari 1963, mkoa wetu ulipojitenga na Kongo. Niliweka sharti kabla ya penseli kuguswa: hakuna kuchora kabila la mtu, hakuna pua wala midomo ya kudhihaki. Jambo hili hapa bado lina moto. Wapo waliofukuzwa mkoani humu miaka ya 1992 na 1993 kwa sababu tu asili yao ni Kasai, na watoto wao wanakaa benchi moja na wengine.

Mwanzoni ilionekana rahisi. Ana misalaba mitatu ya shaba kwenye bendera. Ana pesa zake mwenyewe. Hana nchi hata moja iliyomtambua, kama yule Sealand wa Hetalia, mtoto wa ngome ya baharini anayepiga hodi kwenye mikutano ya wakubwa na kufukuzwa. Mkubwa wake ni Moïse Tshombe, rais wa Katanga hiyo. Nikafurahi, jedwali langu la safu tatu za hatua ya pili, nchi, mkubwa, watu, linafanya kazi.

Lakini michoro kumi na mmoja kati ya kumi na minne ilikuwa na kitu kimoja kichwani mwa mhusika: lile bomba refu la moshi la kiwanda, pamoja na mlima wa takataka za madini kando yake, kama kofia na manyoya. Nikauliza bomba hilo tuliweke safu gani. Nchi? Lilikuwepo kabla ya 1960, likabaki baada ya 1963. Mkubwa? Si la Tshombe. Watu? Walilifanyia kazi, hawakulimiliki. Lilikuwa la Union Minière, kampuni ya madini iliyoundwa 1906, mwaka uleule wa nyoka, na kodi za kampuni hiyo ndizo zilizomlisha mhusika wetu kwa miaka yake miwili na nusu.

Binti wa Polandi hakuwa ameweka bomba kichwani. Alimchora mhusika amekaa kwenye kigoda, anakula bukari, yaani ugali, kwa mkono, misalaba mitatu imeshonwa kifuani, na kivuli cha bomba kimemlalia kuanzia bega hadi kwenye sahani. Bomba lenyewe liko nje ya fremu. Kisha akavuta daftari langu, akachukua rula, na kando ya safu zangu tatu akapiga mstari mwingine. Juu yake akaandika: *mwenye sahani*.