Kabla hujanunua bastola ya bei poa ya kujifunzia, uliza risasi

Mie nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Tanga, Ngamiani kwenye zile barabara za namba, na kilichoniingiza kwenye habari za bastola ni kile kile kinachowaingiza wengi, yaani pesa za mauzo, giza, na njia ya kurudi nyumbani. Sasa tangu watu wajue kwamba ninayo (na kujulikana kwenyewe ni kosa, nitalifikia) haupiti mwezi bila mtu kunivuta pembeni, ati kaka, nataka kitu cha bei ndogo tu, nusu otomatiki, nijifunzie mazoezi na ikibidi nijilinde, ninunue ipi? Basi leo naandika yote mara moja nisisumbuliwe tena.

Kibali kwanza. Sheria ya kudhibiti silaha na risasi ni ya mwaka 2015, umri ni miaka 25 kwenda juu, unaanzia serikali ya mtaa unapanda polisi, na kama huna subira ya kuitwa na kuhojiwa na kuambiwa njoo wiki ijayo basi acha, manake mtu asiye na subira bastola haimfai hata akipewa bure. Ukiambiwa kuna ya mkato inatokea mpakani huko Horohoro, usiulize hata bei, ondoka.

Sefu. Ya chuma, imefungwa kwa bolti ukutani au sakafuni. Kabati la nguo si sefu.

Ukubwa. Hapa wengi wanakosea kwa sababu ya macho, anaona kile kidogo kinachojaa kiganjani anasema hiki ndo changu, kumbe kidogo ndo kigumu zaidi kujifunzia. Bastola hizi ukivuta triga inatoka risasi moja, ile nguvu ya mlipuko inasukuma slaidi (kile chuma cha juu kinachoteleza) nyuma, ganda linarushwa nje, afu springi inarudisha slaidi mbele ikiwa imebeba risasi nyingine kutoka kwenye magazini, kile kibebeo cha risasi kinachoingia kwenye mpini. Sasa silaha ikiwa nyepesi na fupi inakurukia mkononi, na mkono ukilegea slaidi haifiki mwisho, ganda linabana, unabaki umesimama unaitazama. Kwa mazoezi chukua ya saizi ya kati au kubwa. Zile za Austria, Glock 17 inabeba risasi 17 na Glock 19 inabeba 15, ndo watu wengi wanapimia, lakini kama mfuko hauruhusu kuna Taurus za Brazil, kuna Canik za Uturuki, kwa kawaida bei yake iko chini na kazi zinafanya. Mie sina ugomvi na jina. Ishike, ikoki mwenyewe ikiwa tupu, kama huwezi kuvuta slaidi kwa mkono mkavu dukani basi jasho likishakulowa ndo kabisa.

Sasa twende kwenye lililonitafuna mie.

Kuna mzee mmoja mstaafu alikuwa anaiuza ya kwake, kazeeka, haitaki tena, na bei aliyonitajia ilikuwa chini ya nusu ya niliyokuwa nimeambiwa kwa mpya. Nikaitazama, safi, chuma kizito, imetunzwa vizuri kuliko hata baiskeli yangu, nikauliza ni risasi gani akasema tisa. Karatasi zake zinasema 9mm. Tukafuata utaratibu wote wa polisi wa kuihamisha jina, miezi ikapita, ikawa yangu, na mie nikajiona mjanja wa mji mzima. Nikapanda basi mpaka Dar kwenye duka lenye leseni, nina kibali changu mkononi, jamaa wa kaunta akaniuliza "tisa ya kawaida?" nikamjibu ya kawaida, kwani kuna ya harusi? Nikachukua boksi mbili, risasi 100, nikarudi nazo roho kwatu.

Siku ya mazoezi tuko na mkufunzi wetu, mwanajeshi mstaafu, mtu wa maneno machache. Nikaanza kujaza magazini, haziingii. Nikasukuma, nikageuza, nikasema labda springi ngumu. Yule mkufunzi akaja, akachukua risasi moja kwenye boksi langu, akachukua moja kati ya zile tatu alizoniachia muuzaji, akazisimamisha juu ya meza pamoja. Yangu ndefu nyembamba, ile nyingine fupi nene. Akaniuliza bastola umeinunua ulikuwa umefumba macho?

Kumbe ile ni Makarov, bastola ya Warusi ya tangu mwaka 1951, na tisa yake ni 9 kwa 18, yaani upana wa risasi kwa urefu wa ganda, kwa milimita. Tisa inayouzwa kila mahali duniani ni 9 kwa 19, ile ya Luger, Mwaustria, ya mwaka 1902, ndo wanayotumia Glock, Taurus, Canik, CZ na majeshi mengi tu. Ukisikia tofauti ya milimita moja unaona si kitu, lakini risasi nzima ya 19, ganda na ncha yake, ni ndefu zaidi kwa milimita nne na nusu hivi, magazini ya Makarov haiwezi kuimeza, na ile ncha inayoruka kipenyo si kimoja, ya Makarov inafika kama 9.27 na ile nyingine 9.01. Yaani zote zinaitwa tisa na hakuna hata moja iliyo tisa kamili, mie muuza nondo ninayepima kwa kalipa kila siku nikaingia mkenge kwenye kipimo!

Na haikuishia hapo. Dukani hawakutaka kuzirudisha, risasi si misumari kwamba umekosea saizi unabadilishiwa. Nikabaki na bastola isiyo na risasi na risasi zisizo na bastola, na hizo 100 ndani ya nyumba yangu haziendani na silaha niliyokatiwa kibali, ikabidi niende mwenyewe polisi kujieleza kabla hawajaja wao kuniuliza. Nilikaa kwenye benchi asubuhi nzima. Kuna rafiki akanishauri eti tafuta zile fupi za .380 zinaingia, nikamuuliza mkufunzi, akanikatalia palepale, zile ni 9 kwa 17, nyembamba kwa mtutu ule, zinacheza ndani ya chemba (pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu), ganda linaweza kupasuka. Kwa hiyo ile ya bei rahisi ilikaa kwenye sefu zaidi ya mwaka haijapiga hata moja, hizo tatu za muuzaji niliogopa hata kuzitumia.

Ndo maana nakwambia anza na risasi urudi nyuma. Piga hesabu, ukifanya mazoezi ya risasi 50 tu kwa mwezi ni 600 kwa mwaka, na hizo pesa zinaweza kuipita bei ya bastola yenyewe usipoangalia. Soma maandishi ubavuni mwa mtutu kwa macho yako, nenda kwa anayeuza risasi KABLA ya kwenda kwa anayeuza bastola, muulize hii unayo, utakuwa nayo mwezi ujao, na kibali changu kitaruhusu ngapi. Akisitasita, achana na hiyo bastola hata kama inang'aa kama pete ya bi harusi.

Kutu. Tupo pwani bana, upepo wa chumvi haubagui. Usiiache ndani ya holsta ya ngozi, ngozi inashika unyevu na masika ukirudi utaikuta ina madoa mekundu. Holsta ni ya kubebea, siyo ya kuhifadhia. Mafuta kidogo, kitambaa, kila wiki mbili.

Magazini nunua mbili au tatu za ziada, ikisumbua kukwama mara nyingi mchawi ni magazini wala si bastola.

Mazoezi ya bila risasi nyumbani yanasaidia sana na hayana gharama, lakini hapa ndo watu wanaumia, manake anatoa magazini anasema iko tupu, kumbe moja ipo kwenye chemba. Toa magazini kwanza, afu vuta slaidi, afu chungulia, afu ingiza kidole. Ukigeuza mpangilio, umevuta slaidi halafu ndo ukatoa magazini, umeshaipakia mwenyewe. Risasi ziwe chumba kingine kabisa.

Afu usitangaze. Mie nilimwambia mtu mmoja tu kijiweni. Usiibebe ukiwa umekasirika, pombe ndo usiseme, watoto wasijue sefu inafunguliwaje, na usimwonyeshe mgeni hata akiomba kwa upole. Ukisafiri usimwachie shemeji akukalie nayo, nenda polisi ukaulize utaratibu wa kuihifadhi, chukua karatasi yako, panda basi.