Maneno ya Kihispania ya ufukara: anza na "pobre"

Ukijifunza Kihispania, usikariri "empobrecer" kama neno la peke yake. Ndani yake mna "pobre", maskini. Ongeza "em-" mbele na "-ecer" nyuma, unapata kufukarisha, ambalo kwa Kiingereza ni "impoverish". Nomino yake ni "empobrecimiento", yaani "impoverishment". Kwa anayefukarika mwenyewe, weka "se": "el país se empobreció", nchi ilifukarika. Muundo huohuo ndio uliozaa "envejecer", kuzeeka, na "enflaquecer", kukonda. Kanuni moja, na faida kubwa sana!

Kuwa mwangalifu na maneno yanayofanana na ya Kiingereza. "Miseria" kwa kawaida ni ufukara wa kupindukia, ilhali "misery" ni mateso ya moyo au ya mwili. "Decadencia" mara nyingi ni kudidimia tu, hivyo "decline" hufaa kuliko "decadence", lenye harufu ya anasa na uozo wa maadili. "Decaimiento" ni unyonge wa mwili au wa roho. Na familia iliyokuwa na mali ikaishiwa huitwa "venida a menos", msemo ninaoupenda mno. Kiingereza husema "come down in the world".