Kunywa Maji kwa Kipimo Unapoishi na Tatizo la Mzunguko wa Damu

Mtu mwenye tatizo la mzunguko wa damu hupewa shauri lile lile na karibu kila anayemjali: kunywa maji mengi. Shauri hilo hutolewa kwa nia njema, lakini laweza kumfaa mmoja na kumdhuru mwingine. Yule ambaye damu yake hutuama miguuni anaposimama huhitaji maji zaidi ya watu wengine, ilhali yule ambaye moyo wake umedhoofika na haumudu kusukuma damu ipasavyo huenda tayari amebeba maji ambayo mwili wake umeshindwa kuyatoa. Kwa hiyo, kabla ya jambo lolote, muulize daktari anayekutibu maswali mawili: kwa tatizo langu, ninywe lita ngapi kwa siku? Na chumvi, niiongeze au niipunguze? Yaandike majibu yake, kwa kuwa hayo ndiyo yatakayokuongoza katika yote yanayofuata.

Nianze na wale ambao damu yao hutuama. Kila binadamu anaposimama, damu ya kiasi cha mililita 500 hadi 800 huteremka kuelekea tumboni na miguuni. Kwa kawaida mishipa hujibana mara moja na kuirudisha juu, nasi hatuhisi chochote. Lakini kwa mtu ambaye shinikizo lake la damu hushuka akisimama, au mwenye hali ambayo madaktari huiita POTS, ambapo moyo wa mtu mzima huongeza mapigo 30 au zaidi kwa dakika ndani ya dakika 10 za kusimama, marekebisho hayo hayatoshi, naye huona kizunguzungu, giza machoni, na pengine huzimia. Zaidi ya nusu ya damu ni majimaji yaitwayo plazma, na takribani asilimia 90 ya plazma ni maji. Yakipungua, damu iliyobaki ya kugawana kati ya miguu na ubongo huwa haba zaidi.

Asubuhi ndiyo saa ngumu kuliko zote, maana umelala usiku kucha bila kunywa huku ukipoteza maji kwa kupumua, kwa jasho na kwa mkojo. Weka maji kando ya kitanda kabla ya kulala. Ukiamka, usisimame kwanza. Inuka kidogo, kunywa glasi mbili, yaani kama nusu lita, kisha keti ukingoni mwa kitanda kwa dakika chache ukichezesha vifundo vya miguu, ndipo usimame. Nusu lita ya maji ikinywewa kwa mfululizo, ndani ya dakika chache, huweza kupandisha shinikizo la damu kwa muda wa saa moja hivi kwa watu ambao neva zinazoongoza mishipa yao zina hitilafu. Natamani kila mgonjwa wa aina hii aelezwe jambo hilo siku ya kwanza kliniki, kwa sababu anaweza kulitumia pia kabla ya kupanga foleni, kabla ya kuoga, au kabla ya shughuli yoyote itakayomweka wima kwa muda mrefu.

Baada ya hapo, gawanya kiasi ulichopangiwa. Wagonjwa wengi wa POTS huelekezwa kunywa lita 2 hadi 3 kwa siku. Ukipangiwa lita 2.5, zile glasi mbili za alfajiri zitakuachia lita 2, ambazo ni glasi nane za mililita 250, moja kila baada ya saa moja na nusu hivi. Punguza kunywa saa mbili kabla ya kulala, kwa kuwa kuamka gizani kwenda kukojoa ni wakati ambao watu wengi huanguka. Na wanaume wanaozimia wakojoe wakiwa wameketi.

Maji peke yake hayakai mwilini kwa muda mrefu, kwani figo huyatoa upesi. Kinachoyashikilia ndani ya mishipa ni sodiamu iliyomo katika chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima kwa jumla wale chumvi chini ya gramu 5 kwa siku, lakini baadhi ya wenye POTS huelekezwa kula hata maradufu ya hapo. Usijiongezee chumvi bila kuelekezwa, hasa ikiwa una shinikizo la juu la damu au ugonjwa wa figo. Vilevile, kunywa maji matupu kupita kiasi hushusha sodiamu katika damu, na dalili zake ni kichwa kuuma, kichefuchefu na kuchanganyikiwa. Ukitumia ORS, yaani unga wa chumvi na glukosi unaochanganywa na maji ili kurudisha maji mwilini, fuata kipimo cha maji kilichoandikwa kwenye pakiti bila kukipunguza, na usiongeze sukari. Glukosi iliyomo imepimwa ili kuisaidia sodiamu kupenya ukuta wa utumbo.

Pombe hutanua mishipa na kuongeza mkojo, kwa hiyo ni heri kuiacha. Wenye selimundu (sickle cell), ugonjwa wa kurithi wa damu, nao wasisubiri kiu, maana chembe zao nyekundu hujikunja kwa urahisi zaidi mwili unapokaukiwa maji.

Sasa kwa mwenye moyo dhaifu aliyewekewa kikomo. Kila asubuhi jaza jagi kwa kiasi unachoruhusiwa. Unapokunywa chai, supu au maziwa, mwaga kutoka kwenye jagi maji ya kiasi hicho hicho, na jioni utaona kwa macho yako kilichobaki. Kiu ikikusumbua, sukutua mdomo au nyonya kipande cha barafu, nacho ukihesabu. Jipime uzito kila siku baada ya kukojoa na kabla ya kula. Ukiongezeka kilo 2 au zaidi katika siku 3, wasiliana na daktari hata kama hujisikii vibaya. Ukiharisha au kutapika ilhali unatumia dawa za kukojosha, mpigie siku hiyo hiyo akueleze namna ya kuzitumia, wala usiamue peke yako kuziacha.

Rangi ya mkojo husaidia kupima hali yako, kwani manjano hafifu huashiria maji ya kutosha, ila dawa za kukojosha na vidonge vya vitamini B huharibu kipimo hicho. Mtu akizimia, akipata maumivu ya kifua, akikosa pumzi, akichanganyikiwa, au mguu mmoja ukivimba na kuuma, asipewe maji kwa matumaini kwamba yatamtuliza. Apelekwe hospitali mara moja.