SOMO: Kufundisha kikosi chako kukabili kemikali na mafuta yaliyomwagika (zoezi la siku moja)

Kila nikifungua inbox nakuta "mkuu nataka kuwafundisha vijana wangu mambo ya kemikali hatarishi, nianzie wapi". Nimejibu vipande vipande mpaka nimechoka, saivi naweka yote hapa, akija mwingine mtupieni hii. Ni kwa vikosi vya viwandani, maghalani na yadi za malori. Haimfanyi mtu awe wa kuziba mtungi wa klorini, jioni kijana ajue tu kutambua, kutenga, kuzuia watu na kupiga 114 (zimamoto) akiwa na taarifa iliyokamilika.

1. Tafuta uwanja wa wazi. Godauni hapana.

2. Chora kanda tatu kwa tepe: nyekundu (penye kemikali), njano (pa kujisafishia), kijani (salama). Kamanda anakaa kijani na habanduki.

3. Kutambua kwa mbali. Printi vibao vya rangi ya chungwa, weka 1203 (petroli), 1075 (gesi ya kupikia), 1017 (klorini), 1689 (sianidi ya sodiamu, ile ya migodini). Kijana asome namba kwa darubini au kamera ya simu, afungue kitabu cha ERG cha 2024 (mwongozo wa hatua za kwanza kwenye ajali za kemikali), kinapatikana bure mtandaoni na kina apu yake. Kibao cha kwenye lori kina namba mbili, ya chini ndio hiyo ya kemikali, ya juu ni ya aina ya hatari. Ya juu ikianza na X, maji yasiguse huo mzigo.

4. Kutenga. Petroli ikimwagika, mita 50 pande zote kwa kuanzia, ikiwa nyingi fikiria mita 300 upande upepo unakoelekea, tenki likishika moto mita 800. Waweke vijana waigize wananchi wenye madumu na wawe wabishi kwelikweli. Msamvu, Morogoro, Agosti 2019, lori la mafuta lilipinduka, watu wakaenda kuchota, moto ukalipuka, wakafa zaidi ya 100. Kijana asiyeweza kumrudisha nyuma mtu mwenye dumu hajafuzu hata kama anavaa suti ya kujikinga na kemikali kwa sekunde.

5. Njia ya kujisafishia. HAPA SOMENI TARATIBU. Inapangwa na kukaguliwa KABLA mtu hajaingia ukanda mwekundu: mabeseni, maji, brashi, mifuko ya nguo, watu wa kusafisha wameshavaa. Na iwe upande upepo unakotokea. Sisi tuliipanga asubuhi, upepo unatoka bara, kila kitu safi, kufika saa tano upepo wa bahari ukashika na moshi wetu wa zoezi ukaja moja kwa moja kwenye mabeseni, wakati wasafishaji walishavua barakoa kwa joto. Ingekuwa klorini tungebeba watu. Kwa hiyo Dar usipange upepo mara moja ukalala, mpe mtu kazi ya kuuangalia tu na awe na filimbi. Pia mtungi wa hewa ya kupumua ulioandikwa dakika 30 usiuhesabu 30, mtu akifanya kazi nzito anaimaliza mapema, na foleni ya kusafishwa nayo inakula hewa hiyohiyo.

6. Wapake suti poda ya mtoto, hiyo ndio kemikali ya kuigiza, ndani wavae fulana nyeusi. Wakishavua, angalia kola na mikono. Poda haidanganyi.

7. Kaeni chini mjadili, bila kufokeana.

MASWALI

Mtu wa Tandika: Mkuu nitumie pdf ya ERG basi
Jibu: Hatua ya 3.

Kiongozi wa Zamu: Hatuna suti za kemikali, makoti ya mvua si yanatosha?
Jibu: Kwa zoezi la poda sawa. Kwenye tukio halisi hapana. Kama hamna suti kazi yenu inaishia hatua ya 4, na sio aibu.

Kiongozi wa Zamu: Mbona jamaa wa yadi jirani walimwaga maji tu ikaisha
Jibu: Bahati yao. Petroli inaelea juu ya maji, unaisafirisha kwenye mtaro mpaka kwa mama lishe mwenye jiko la mkaa. Nimeandika somo zima, we unaniletea habari za jirani.

Binti Kurasini: Samahani kaka, kwetu kuna petroli na spiriti, povu la kuzimia ni lile lile?
Jibu: Dada hili ndio swali. Spiriti inachanganyika na maji, kwa hiyo inanyonya maji ya povu la kawaida na povu linavunjika mbele ya macho yako. Tafuteni lenye herufi AR kwenye dumu (yaani linahimili spiriti), hilo linafaa kote, ila soma lebo maana kipimo cha kuchanganya kinaweza kutofautiana. Jaribuni kidogo kwenye sufuria nje, bila moto, vijana waone.

Nesi Temeke: Na mgonjwa akiletwa kwa bajaji ananuka kemikali?
Jibu: Asiingie mapokezi. Nje, glovu kwanza, mvueni nguo, hapo mmeshaondoa sehemu kubwa. Ikiwa ni ungaunga upanguseni kwanza, halafu maji mengi. Nguo kwenye mfuko uliofungwa. Na dereva wa bajaji msimsahau, naye kakaa na ile harufu njia nzima.

Nesi Temeke: Asante. Na joto la Februari ndani ya suti?
Jibu: Pima presha kabla na baada, maji ya kunywa kabla hawajasikia kiu, zamu fupi. Anzeni alfajiri.

Fundi Valvu: Nyongeza, sisi tunafunga vitambaa vyepesi kwenye fito, moja karibu na tukio na moja kwenye mabeseni. Katikati ya magodauni utashangaa vinaelekea tofauti.
Jibu: Hii naichukua. Vikitofautiana hamisheni mabeseni sehemu ya wazi kabla ya kumruhusu mtu aingie.

Mtu wa Tandika: Hatua ya 3 nimeiona, ila apu inataka bando?
Jibu: Kuipakua tu. Baada ya hapo inafanya kazi bila mtandao.