Kuhamisha kasete za mafundisho ya mwili kwenye kompyuta, ukiwa Bukavu

Moshe Feldenkrais (1904–1984), mwalimu wa mwendo wa mwili, alifundisha sana kwa mdomo: wanafunzi wamelala chini, yeye anaeleza mwendo, kisha ananyamaza wautafute wenyewe. Kasete za namna hiyo, ziwe zake au za mkandaji mzee wa Kadutu hapa Bukavu, hazihamishwi kama za muziki. Kimya nacho kinafundisha.

1. Kagua. Vunja vile vidude viwili vya plastiki mgongoni mwa kasete ili mtu asirekodi juu yake. Ipe namba, piga picha lebo. Ukiona unga mweupe kwenye kingo za utepe, huo ni ukungu. Hewa ya ziwa wakati wa mvua, Septemba hadi Mei, huulea. Usiicheze, maana mashine itazichafua nyingine zote. Itenge, ikauke kabisa, ndipo uufute ukiwa nje umevaa barakoa.

2. Tengeneza. Katikati ya mdomo wa kasete kuna kitambaa kidogo juu ya bati jembamba, kinachosukuma utepe kwenye kichwa cha kusomea. Gundi yake ikichoka kitambaa hudondoka, na sauti huwa nyembamba, inazimika na kurudi. Hamishia utepe kwenye ganda jingine lenye skrubu. Kisha zungusha hadi mwisho na kurudi, mara moja, kabla ya kucheza. C120, yaani kasete ya dakika 120, ina utepe mwembamba mno: zungusha kwa mkono na biki.

3. Mashine. Safisha kichwa, pamoja na kile kijiti cha chuma kinachozunguka na kuvuta utepe, kwa alkoli ya isopropili 99%. Ile ya 70% ina maji mengi. Gurudumu la mpira lipanguse kwa kitambaa chenye maji kidogo ya sabuni, kwani alkoli hukausha mpira. Halafu kaza au legeza skrubu ndogo iliyo kando ya kichwa, robo zamu kwa robo zamu, huku kanda inacheza, mpaka herufi "s" isikike kali kabisa. Wengi huiruka hatua hii, kisha wanasema kanda imechakaa. Kila kasete iliyorekodiwa kwa mashine tofauti inaweza kudai marekebisho yake.

4. Rekodi. Toa sauti kwenye tundu la "line out", si la hedifoni. Faili iwe WAV, biti 24, kHz 96, au 48 ikishindikana. Ya 48 kwa stereo hula karibu GB 1 kwa saa, ya 96 mara mbili yake. Vilele vya sauti visipite -10 dB, maana mwalimu anayenong'ona huweza kucheka ghafla. Dolby, kile kitufe cha kupunguza mchakacho wa kanda, iwashe tu kama kanda ilirekodiwa nayo. Ukisikia mvumo wa Hz 50, chomoa chaja ya kompyuta.

Delestaji (umeme kukatwa kwa zamu) ikikuta kanda inacheza kwenye mashine ya vitufe vizito, bonyeza "stop" papo hapo; vinginevyo gurudumu hubaki limebana utepe na kuuacha na mkunjo.

5. Usikate kimya. Zima kila kitu kinachoruka sehemu zisizo na sauti, na usisafishe kelele kwenye faili mama: mkwaruzo wa mkeka huonyesha darasa lilikuwa linafanya nini. Kelele zisafishie kwenye nakala ya kusikilizia. Upande A na B viwe faili mbili, na uandike kama A iliishia katikati ya sentensi. Kwenye maelezo, hakikisha "kulia" na "kushoto" kwa kusikiliza tena. Kosa moja hapo linageuza zoezi zima.

6. Nakala. Tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja nje ya mji. Watu wa Goma waliokumbwa na lava ya Nyiragongo mwaka 2002 na 2021 hawahitaji kuelezwa kwa nini. Tengeneza alama ya SHA-256 kwa kila faili, yaani msimbo unaobadilika faili ikiharibika, uilinganishe kila mwaka. Kasete zenyewe zisimame wima, mbali na spika. Usizisambaze bila ruhusa ya wenye haki: kumiliki kasete si kumiliki sauti iliyomo.