Namna ya Kutathmini Matokeo ya Ujifunzaji katika Idara ya Dini

Alama ya B katika kozi ya maandiko matakatifu haiiambii idara mwanafunzi amejifunza nini, kwa sababu ndani yake mmechanganyika jaribio la katikati ya muhula, kazi ya kikundi iliyofanywa na wawili kwa niaba ya sita, na mtihani wa mwisho ambao baadhi ya maswali yake hurudi kila mwaka. Idara inapotathmini matokeo ya ujifunzaji, yaani yale ambayo mhitimu anatarajiwa kuweza kuyafanya, huuliza swali jingine: je, hawa wanaohitimu wanaweza kufanya yale tuliyoahidi katika waraka wa programu tulipoomba ithibati? Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ya Kenya hutaka matokeo hayo yaandikwe. Kwa niliyoyaona, huandikwa vizuri, kisha faili hulala kabatini mpaka wakaguzi wabishe hodi.

Anza kwa kuyapunguza matokeo hayo. Programu yenye matokeo 14 haitathminiki. Yabaki manne au matano, na kila moja litumie kitenzi ambacho kazi yake inaonekana kwenye karatasi, kama vile kueleza, kulinganisha, kuchambua au kutetea hoja. Kitenzi "kufahamu" kiondolewe, kwa kuwa ufahamu haushikiki mpaka ujitokeze katika tendo. Idara ya dini ina jambo lake la pekee la kuchunga hapa, nalo ni kutopima imani. Nimewahi kusoma tokeo lililosema kwamba mwanafunzi "atathamini dini za wengine". Aliyetoka seminari na aliyetoka madrasa wote watakuandikia kwamba wanathamini, nawe hutakuwa umepima chochote isipokuwa adabu yao. Liandike upya hivi: mwanafunzi ataeleza mafundisho ya dini isiyo yake kwa namna ambayo muumini wa dini hiyo, akisoma, atakiri kwamba ndivyo yalivyo. Tokeo la namna hiyo linapimika, na halimdai mtu abadili moyo wake.

Baada ya hapo chora jedwali linaloonyesha kila tokeo linafundishwa katika kozi ipi na linapimwa wapi. Kazi hii ni ya alasiri moja, na mara nyingi hufichua tokeo ambalo kila mhadhiri alidhani mwenzake analifundisha.

Ushahidi mzuri ni kazi ambazo wanafunzi wa mwaka wa mwisho wameshaziandika, si mtihani mpya wa kuwaongezea mzigo. Chukua insha inayolinganisha simulizi ya Ibrahimu na mwanawe katika Mwanzo 22 na katika Sura ya 37 ya Qurani. Katika Biblia mtoto anatajwa kwa jina, Isaka, naye anauliza yuko wapi mwana-kondoo wa sadaka. Katika Qurani anayetakiwa kuchinjwa hatajwi jina. Baba anamweleza ndoto na kumuuliza rai yake, naye anaridhia. Mwongozo wa kupimia insha hiyo, wenye ngazi nne, utasomeka hivi: ngazi ya kwanza, mwanafunzi anasimulia kisa kimoja na kukigusia tu kingine, ya pili, anataja tofauti lakini kwa kumbukumbu za mahubiri au mawaidha, bila kurejea aya, ya tatu, anazionyesha tofauti kutoka kwenye maandiko yenyewe, ya nne, anaonyesha pia jinsi kila jumuiya ilivyoyafasiri, kwa mfano kwamba wafasiri wa mwanzo wa Kiislamu walihitilafiana kuhusu mtoto ni yupi, na Tabari, aliyefariki mwaka 923, aliona ni Isaka, ingawa rai iliyoenea baadaye ni kwamba ni Ismaili.

Wasomaji wawe wawili kwa kila insha, na majina yafutwe kabla ya kusoma. Katika idara nyingine kufuta majina ni utaratibu tu. Kwetu ni lazima, maana jina la Abdallah au la Yohana limeshamwambia msomaji mwandishi anaswali au anasali wapi. Kama wanafunzi ni 60, chukua kila insha ya tatu, upate 20. Kabla ya kugawana, wasomaji wote wasome insha tatu zilezile na kubishana juu yake mpaka waelewane.

Ubishi huo ndio sehemu yenye faida kuliko zote. Katika kikao kimoja nilichoshiriki, insha iliyorejea aya kwa uangalifu mkubwa ilihitimisha kwamba kitabu kimoja kimepotosha habari za kingine. Msomaji mmoja aliipa ngazi ya tatu, mwingine ya kwanza, na kwa muda ilionekana kama kila mmoja anatetea dini yake. Tulikubaliana mwishowe kwamba mwanafunzi ana haki ya kuamini hivyo, ila madai ya upotoshaji ni madai ya kihistoria yanayohitaji ushahidi wa kihistoria, naye hakuutoa. Basi upungufu uandikwe kwenye tokeo la kutetea hoja, na tokeo la kulinganisha libaki ngazi ya tatu. Tukaandika pia kwamba kanuni hiyo itatumika vilevile insha ikielekea upande wa pili. Wasomaji wakipishana zaidi ya ngazi moja baada ya maelewano hayo, asome wa tatu.

Tokeo linalohusu utafiti miongoni mwa waumini halipimwi kwa insha ya maktaba. Mwanafunzi aliyekwenda kwenye kaya za Wamijikenda, yaani misitu yao mitakatifu ya pwani ya Kenya, ambazo baadhi yake ziliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2008, asomwe katika daftari lake la nyanjani: je, ameandika alivyoomba idhini kwa wazee, na ametenganisha alichoambiwa na alichokiona?

Unapotoa taarifa, usitafute wastani. Hesabu ni insha ngapi zimefika kila ngazi. Tuseme 13 kati ya 20 zimeishia ngazi ya pili. Maana yake wanafunzi wanayajua maandiko kwa kuyasikia kuliko kwa kuyasoma, na dawa yake ni kuweka mwaka wa pili zoezi la kila wiki la kusoma tafsiri mbili sambamba. Chagua badiliko moja la aina hiyo, liingie kwenye kumbukumbu za kikao pamoja na jina la atakayelisimamia, wala matokeo yasitumiwe kumhukumu mhadhiri wa kozi. Pima matokeo mawili kwa mwaka. Lile ulilolifanyia badiliko lipime tena pale wanafunzi waliofundishwa kwa utaratibu mpya watakapofika mwaka wa mwisho, kwa swali lilelile na mwongozo uleule.