Jifunze rangi za mafuta kwa kunakili picha ya watu wengi

Kama unataka kujifunza rangi za mafuta, chungwa na kikombe viache kwanza, chukua picha moja ya zamani yenye watu wengi uinakili mpaka mwisho. Mi nilichukua ile ya mchoraji Rembrandt, somo la anatomia (kusoma mwili kwa kuupasua) la daktari Nicolaes Tulp, ya mwaka 1632, ipo makumbusho ya Mauritshuis kule Uholanzi. Ina watu nane walio hai na maiti moja, vichwa vimesongamana kama pale mwaloni Kirumba, huku Mwanza, boti ya dagaa ikifika.

Kitambaa, marekani nzito inatosha kwa mazoezi, ivute kwenye fremu ya mbao, paka rangi nyeupe ya maji mikono miwili, ikauke kabisa. Picha halisi ni sm 169.5 kwa 216.5, so yako fanya 60 kwa 77 hivi. Printi picha, igawe kwa mistari kumi kumi, na kitambaa hivo hivo, af hamisha kijumba kwa kijumba.

Sasa hapa ndo pa kutulia. Usianze na sura! Chukua kahawia ilegeze na tapentaini, paka giza lote kwa mkupuo mmoja, nguo nyeusi na ukuta viungane, halafu kwa kitambaa futa palipo na mwanga, yani maiti, kola nyeupe na vipaji vya nyuso, fumba macho nusu uangalie. Kama kundi linasomeka bila jicho hata moja, umepatia.

Ikikauka ndo rangi zinakuja, na kila tabaka la juu liwe na mafuta mengi kuliko la chini, la sivyo litapasuka. Ngozi ya maiti punguza wekundu, tia nyeusi kidogo sana.

Macho fuatilia moja moja, maana hawaangalii wote sehemu moja, kuna anayetazama kile kitabu miguuni pa maiti na kuna anayekutazama wewe. Mi niliwaelekeza wote kwenye mkono wa maiti unaopasuliwa, picha ikafa, nikarudia vichwa vitatu.

Af rangi ya mafuta inakaa mbichi siku kadhaa, na kama unakaa karibu na ziwa, wale wadudu wa ziwani wakija usiku wanafuata taa, so zima taa na geuza picha ukutani. Akinasa mmoja muache hapo hapo, rangi ikikauka mpanguse kwa brashi kavu, ukimtoa mbichi unaburuta na rangi.